Kasereka Hakulishwa Sumu

Jumapili. Mawingu yamekalia mlima Nyiragongo toka asubuhi na baridi imeshuka mpaka huku mtaani kwetu, Murara. Nina hasira ya kimya, ile inayomfanya mtu aoshe sahani zilizo safi.

Niandike kabla haijapoa.

Kaka yangu Kasereka anauza maharage. Zamani alibeba gunia zima peke yake huku anacheka. Mwaka jana akaanza kuchoka bure, macho yakawa ya manjano, na kila asubuhi mkojo wake ukatoka mweusi kama chai kavu. Mchana unasafika, kesho yake mweusi tena. Kwenye zahanati wakamwandikia malaria. Aliporudi, malaria. Hata kipimo kiliposema hakuna kitu, malaria. Sijui walisomea nini.

Ila hao angalau hawakuvunja nyumba ya mtu.

Aliyeivunja ni Muzee Paluku, mdogo wa marehemu baba yetu. Anakaa mtaa wa Himbi, nyuma ya geti la chuma, na tangu baba afariki anajiona kichwa cha ukoo. Alimtazama Kasereka mara moja, akauliza ni nani anampikia. Nani mwingine? Mke wake, Furaha, binti wa Kibati, anayeongea Kinyarwanda na wazazi wake kwa simu. Kwa muzee, anayeiona lugha hiyo kuwa ya adui, simu hiyo ilitosha. Akasema ni sumu, na kwamba alituonya tangu siku ya posa. Akaleta mtu wa maombi mwenye suti nyeupe, naye akafunga macho akaiona sumu ndani ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

Sombe ile tuliila wote, sufuria moja. Hakuna mwingine aliyekojoa mweusi. Lakini mtu akishakuwa na hakika, sufuria inamsaidia nini?

Muzee alikuja mwenyewe kumfukuza, akimwita mulozi, mchawi, na Furaha akarudi kwao Kibati na mtoto mgongoni. Kasereka alikuwa kitandani, akageukia ukuta. Ninampenda kaka yangu, na kwa kugeukia ukuta ule ninamdharau.

Aliyetuokoa ni daktari mmoja mwanamke ambaye aliuona ule mkojo na hakusema malaria. Alituma damu ya Kasereka ng'ambo ya mpaka, Kigali. Jibu lilipofika wiki hii alituita wote, na muzee akaja na kofia yake.

Daktari alieleza polepole. Ndani ya damu kuna kinga inayotoboa vijidudu, na isipozuiwa inatoboa hata chembe zetu wenyewe. Ndiyo maana juu ya kila chembe kuna protini za kuizuia, hasa moja inayoitwa CD59. Chembe nyekundu nyingi za Kasereka hazina protini hiyo. Zinapasuka, rangi yake inapita kwenye mkojo, na mkojo uliokaa kibofuni usiku kucha ndio unaotoka mweusi zaidi. Hitilafu ilianzia ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Hakuzaliwa nayo. Hakuna chakula kinachoileta.

Dawa inayozuia uharibifu huo haifiki huku kwetu. Ataongezewa damu, atameza vidonge, na tutaomba damu isigande mahali pabaya, kwa sababu hilo ndilo linaloua. Daktari hakutuficha.

Muzee akakohoa, akasema hata yeye alishuku ni mambo ya damu.

Alisema hivyo. Mbele yetu sote.

Kisha akatoa hukumu nyingine: mwanamke arudi. Yeye hawezi kwenda Kibati, magoti yanamuuma, atatuma mbuzi. Siku ya kumfukuza Furaha magoti hayakumuuma.

Leo baada ya misa tulipanda pikipiki mbili, mimi na Kasereka, mbuzi amefungwa nyuma yangu. Furaha alitoka na unga mikononi. Kabla ya salamu alimletea mume wake kiti, maana alimwona anavyohema. Baba yake alikaa pembeni. Nikaeleza yote niliyoyasikia kwa daktari. Furaha akauliza kama mtoto anaweza kurithi. Nikasema hapana. Ndipo akamtazama mbuzi, akauliza ni wa nini.

Nikamwambia Muzee Paluku anaomba msamaha, na aibu ikanipanda kwa kuwa mdomo wa mtu mwingine.

"Mbuzi haikuniita mulozi," akasema. "Mwenye aliniita iko na mudomo. Akuye hapa yeye mwenyewe, aseme mbele ya papa yangu."

Kisha Kasereka akamgeukia baba mkwe wake.

"Papa, nilijua hakunilisha kitu. Nilijua, na nikanyamaza. Kama munanikubali, nabakia hapa."

Baba mkwe akamtazama binti yake. Furaha aliingia ndani, akatoka na blanketi, akamtupia Kasereka magotini, si kwa upole. Basi, amebaki.

Nikarudi na mbuzi hadi Himbi. Muzee alikuwa barazani na wageni, na yule wa suti nyeupe kati yao. Nikamkabidhi kamba na kumpa maneno ya Furaha kama yalivyo, kwa sauti ya kuwafikia wote. Akasema huyo mwanamke ana kiburi. Nikajibu kwamba ndiyo, papa mudogo, anacho, na nikatamani kingekuwa maradufu.

Jumatano Kasereka anahitaji damu. Kaka wawili wa Furaha watashuka kutoka Kibati kuja kutoa. Nikamuuliza muzee kama wanawe watakuja pia.

Akasema watatuombea.

Je, nitamsamehe? Pengine. Leo sitaki hata kujaribu. Dharau yangu nayo ipumzike kidogo; Jumatano, wanawe wasipotokea, itakuwa na kazi.