Mafiga ya Koko na Mtihani Wangu wa Betoni

Bunia, Nyakasanza
Siku ya nne ya juma, saa kumi za jioni

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na Baba, pamoja na wadogo zangu wawili ambao najua wanavutana karatasi hii kabla hujaimaliza. Je, kifua cha Baba kimepoa tangu mvua zipungue? Mihogo ya ng'ambo ya kijito imeshika? Huku sisi ni wazima. Koko anakula vizuri na anagombana na kuku wa jirani vizuri pia, kwa hiyo usisumbuke moyo juu ya mama yako.

Nimejaribu simu ya Baba mara nne, haishiki. Basi barua hii ataibeba Baba Mdogo, anayeleta samaki huko Aveba kwa pikipiki kesho alfajiri. Amesema barabara imefunguka, ila kila mtu anajitahidi afike kabla ya saa tisa, maana baadaye hakuna anayeweza kuahidi usalama. Akirudishwa njiani, barua itarudi naye na itangoja pamoja nasi.

Mama, kesho ndiyo siku ya mtihani wa kazi ya mikono. Bila karatasi ya ufundi wa ujenzi hakuna atakayeniruhusu kusimamia hata ukuta wa choo, na miaka yote hii uliyolima ili nisome itakuwa imeishia kwenye madaftari. Nilitaka kukuandikia kwamba niko tayari. Lakini juma hili limepita kwa namna ambayo sikuitazamia, na ni vizuri usikie kutoka kwangu.

Kwa mtihani huu kila mwanafunzi alitengeneza mawe matatu ya betoni: sementi, mchanga na changarawe kwa vipimo alivyovichagua mwenyewe. Yana pande sawa, kama sabuni ya kufulia iliyokatwa kwa uangalifu, na kila moja ni zito kama mtoto wa miezi sita. Yanalala ndani ya maji siku ishirini na nane. Halafu juri, wale wakaguzi wa mtihani, inayaweka kwenye mashine inayoyabana mpaka yapasuke, na hapo inasoma nguvu yake. Bwawa la kuyalaza pale shuleni lilivunjwa wakati wa vita na halijajengwa tena, kwa hiyo kila mmoja alibeba yake nyumbani. Yangu niliyaweka ndani ya pipa la bluu nyuma ya nyumba. Mchanga wake niliuosha mara tatu kule mtoni Nyamukau mpaka maji yakatoka meupe. Kila asubuhi na kila jioni nilikuwa naingiza mkono nione kama bado yamefunikwa.

Kosa langu ni kwamba sikumweleza Koko. Nilimwambia tu, "Koko, maji ya pipa hili usiyamwage." Unanijua, Mama. Maneno yangu yanaisha kabla ya habari kuisha.

Tena kulikuwa na jambo lingine. Wakati wa mvua Koko alikuwa analalamikia mbabula, lile jiko letu la makaa. Anasema makaa ni ya watu wenye haraka, na maharagi ya mbabula hayana akili. Alinisimulia juu ya mafiga yake matatu aliyoyaacha kiwanjani siku ile mlipokimbia, yale aliyopewa na mama yake. Nilimwonea huruma, nikasema, "Nitakufanyia mengine, Koko." Nilisema, nikasahau. Yeye hakusahau.

Siku ya kwanza ya juma nilirudi kutoka kwenye marudio nikasikia harufu ya kuni tangu njiani. Nyuma ya nyumba moto ulikuwa unawaka, sufuria kubwa ya maharagi ilikuwa inatokota, na chini ya sufuria niliona mawe yangu matatu, meusi kwa moshi.

"Mave, kuja! Kuja uone!" Koko aliita. "Ulifikiri sitayaona? Miye naingiza mukono mu pipa, natafuta bakuli yangu, nakuta mafiga tatu, sawasawa kama mapacha! Mutoto huyu, anaficha zawadi mu maji!"

Mama Zawadi, jirani yetu anayeuza mandazi, alikuwa amekaa hapo na sahani tayari. "Ya kwangu iko na vilema," alisema. "Moja ndefu, moja fupi, sufuria inainama kama mulevi. Unifanyie na miye, injinia."

"Ila moja ililia pa!" Koko alisema. "Nikalala chini. Mama Zawadi naye akalala. Tulifikiri iko masasi ya bunduki. Kumbe iko jiwe inakohoa!"

Walicheka mpaka Koko akajifuta macho kwa upindo wa nguo. Mimi nilikuwa natazama kona ya lile jiwe lililokohoa. Ilikuwa imebanduka, upana wa vidole viwili. Betoni iliyojaa maji haipendi moto. Tulisoma hivyo darasani, na nina ukurasa mzima juu yake kwa mwandiko mzuri.

Nilikula sahani mbili, Mama. Maharagi yalikuwa matamu kuliko yote niliyowahi kula Bunia.

Kesho yake nilimwambia rafiki yangu Esperansi, ninayekaa naye dawati moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga mkono kwenye paja.

"Weye uliangalia bibi anapikia mtihani wako, ukaomba chumvi?"

"Sikuomba chumvi."

"Ni sawasawa! Sikia. Yaya yangu anafanya kazi kwa mujenzi mumoja. Mawe kama hayo iko mingi nyuma ya depo, ya zamani, ngumu kama roho ya muwekahazina. Tunaandika jina lako na musumari. Nani atajua?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Nakuandikia ukweli. Saa sita yaya yake, yule ndugu yake mkubwa, alileta matatu ndani ya gunia, hakutaka hata kitu. Tulijificha nyuma ya chumba cha zana, nikachukua msumari, nikachora M kwenye jiwe la kwanza. Herufi ilitoka nzuri. Halafu nikaangalia mchanga uliokuwa unaonekana pembeni mwa jiwe. Ulikuwa na udongo. Mtu yule hakuuosha. Nikafikiri kwamba siku ya mtihani juri itasoma namba na kuandika kwamba Mave anaweza kusimamia nyumba ambamo watu watalala, na namba hiyo itakuwa ya mtu nisiyemjua, ambaye hakuosha mchanga wake. Niliweka msumari chini.

"Unaogopa," Esperansi alisema.

"Ndiyo," nilimjibu. "Lakini si juri ninayoiogopa."

Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa betoni, Prof Deo. Alikuwa anahesabu miko na nyundo, maana mwaka jana ziliondoka zenyewe. Nilimsimulia, macho yangu yakiwa kwenye viatu vyake.

"Mbona unasema chini-chini?" aliuliza. "Miye si padri. Sema kwa sauti, sitakupa rozari ya kusali."

Nikarudia kwa sauti. Nilipofika kwenye habari ya Koko kulala chini, aligeuka akakohoa kidogo, lakini niliona mabega yake yakicheka. Kisha akaacha mzaha.

"Mawe hayo yatapasuka mapema, sitakudanganya. Pointi za nguvu utapoteza nyingi. Lakini kuna pointi za kueleza kazi. Leta hayo hayo. Utasimama mbele ya juri, useme yalilazwa namna gani, yalikutwa na moto gani, na moto unafanya nini ndani ya betoni. Ukieleza vizuri unaweza kupita. Ukinyamaza, umeanguka."

"Prof, naomba niandike. Nitaandika kurasa tano, hata kumi."

"Hapana, mutoto wangu. Injinia hatumi barua kwenye jengo linalopasuka. Anapiga kelele watu watoke."

Mama, nilirudi nyumbani nikijaribu sentensi ya kwanza kwa kunong'ona. Mara ya mwisho kusema mbele ya watu ni siku ya kipaimara, na uliniona nilivyokwama.

Jana asubuhi Koko alikuwa anakoroga uji juu ya mafiga yake mapya. Nilichuchumaa karibu naye, upande wa sikio lake la kulia, lile linalosikia, nikamwambia yote. Aliacha kukoroga.

"Kwa hiyo haiko zawadi."

"Haikuwa zawadi, Koko. Nisamehe."

Uji ukaanza kuungua, Koko hakujali. "Na mashine yao itayavunja?"

"Itayavunja."

"Sasa mutu anatengeneza jiwe muzuri hivi ili alivunje, kwa sababu gani?"

Nikamweleza. Nilianza kidogo kidogo, kisha nikaendelea bila kujua kwamba naendelea: kwamba tunavunja matatu madogo ili tusivunje nyumba kubwa, kwamba ukuta ukisema uongo wanaokufa ni waliolala ndani. Nilipomaliza, Koko aliinuka, akazunguka moto, akakaa upya akinielekezea sikio la kushoto.

"Anza tena," alisema. "Huku sisikii. Juri nayo iko ya wazee."

Tangu wakati huo, Mama, nyumba hii ni shule. Koko amekaa kwenye kiti cha Baba Mdogo, Mama Zawadi pembeni yake na beseni la mandazi kama katibu. "Mademoiselle, muchanga uliosha mara ngapi?" "Mara tatu!" "Sauti iko wapi? Uliiacha mu pipa?" "Mara tatu, Koko!" "Miye si Koko, miye iko Mheshimiwa!" Nimesema habari ya moto na betoni mara kumi na moja. Leo mchana hata muuza mafuta wa barabarani alisimama, akauliza ni kona gani iliyobanduka.

Sasa nakuambia jambo ambalo limenifanya niandike leo nisingoje majibu.

Saa nane Koko aliyasugua mawe kwa majivu na maji, moja moja, mpaka weusi ukabaki kidogo tu. Nikamwuliza kama ana gunia la kuyabebea. Aliingia ndani, akaenda nyuma ya mlango. Unakijua kile kifurushi chake, Mama. Tangu vita hakijamtoka mikononi; hata usiku wa Noeli kilikuwa pale, kimefungwa, tayari kwa kukimbia. Alikaa chini akafungua fundo. Lilikuwa limekazana, akatumia meno. Akatoa sahani mbili, sabuni, blanketi la mtoto, picha yako ya ubatizo, akapanga vyote kwenye rafu juu ya kitanda. Kisha akatandika sakafuni kikwembe chenyewe cha bluu, kitenge kilichofunga kifurushi, na kuyafunga mawe yangu ndani yake.

"Gunia linakwaruza," alisema. "Mheshimiwa asione mukwaruzo akafikiri iko kosa yako."

Nisalimie Baba, mwambie sitamwaibisha kwa kunyamaza. Nisalimie Mama Mkubwa, mkunga wetu, aliyenipokea duniani. Nisalimie na mwalimu wangu wa kwanza, aliyenifundisha kushika kalamu. Na katekista, mwambie aniombee saa tatu kamili. Wadogo zangu wapewe kila mmoja nusu ya biskuti nilizompa Baba Mdogo, wasihesabiane. Koko mwenyewe anakusalimu sana. Anaomba kwamba ukipita kwenye kiwanja chake, ung'oe majani yaliyozunguka mafiga yake ya zamani. Nilimwambia yanaweza kuletwa kwa gari. Alikataa, akasema yakae palepale. Anataka tu yaonekane.

Mimi nitamjengea jiko la matofali ya kuchoma keshokutwa, siku ya posho, nikiwa nimefaulu au la. Matofali yanajua moto.

Kabla sijakaa kuandika nilimwuliza, "Koko, kesho nikirudi na kikwembe, nikufungie tena vitu vyako?"

Alikuwa anachagua mawe madogo ndani ya maharagi. Hakuinua kichwa.

"Kwanza utakifua," alisema. "Tena hakina haraka ya kukauka."

Ni mimi mtoto wako, ambaye kesho atasikika,
Mave