Hesabu za Kaka Danieli

Kwai, Lushoto,
14 Julai 1973

Mpendwa kaka Sefania,

Shikamoo. Habari za Ibadan na masomo yako? Huku baridi ni kali, ukungu hauondoki mpaka saa sita, na magoti yanamsumbua baba. Wengine tu wazima.

Kitabu cha wataalamu ulichomtumia baba, chenye kurasa za hesabu zilizochapwa kwa jina lako, kimefika. Alikipeleka kanisani amekifunga katika kanga ya marehemu mama. Mchungaji akatangaza kwamba mtoto wa Kwai amegundua jambo la namba tasa ambalo hata Wazungu hawakulijua.

Kaka, kurasa zile nilizinakili mimi kwa wino kutoka madaftari ya kaka Danieli, ili akutumie uzisome umpe maoni. Mimi niliishia darasa la nane, maana yake siijui. Lakini mistari ile naitambua kama mtu anavyoutambua mkeka aliousuka. Miaka miwili alingoja jibu lako. Kila Ijumaa akishamaliza kufundisha alishuka Lushoto kwa miguu, akaulize posta. Na unajua ni nani aliyeacha shule ili wewe uendelee.

Kwa kuwa Danieli ni mwalimu, mchungaji alimwomba awaeleze watu ulichogundua wewe. Akasimama. Aliandika ubaoni, akaeleza polepole, hata akina mama wa shamba la ujamaa wakawa wanaitikia kwa vichwa. Mzee Kristofa akamwambia, "Mghosi, kumbe mdogo wako amekufundisha vizuri."

Danieli akajibu, "Ndiyo, amenifundisha."

Tangu siku hiyo hajafungua daftari nyumbani. Jioni huenda kuwafundisha watu wazima kusoma, akirudi hulala bila kula. Baba humwuliza kwa nini hakuwa na bidii kama yako. Baba hajui lolote, na Danieli amenikataza kumwambia.

Wiki iliyopita alinipa karatasi moja nikutumie. Alisema hatua moja katika ukurasa wa tisa ina kasoro. Aliiona baada ya kukutumia kazi yake, akahangaika nayo mwaka mzima mpaka akaitengeneza. "Mwambie Sefania asahihishe kabla wengine hawajagundua. Ataaibika ugenini."

Nikamwuliza kama hana uchungu. Akasema, "Ni mdogo wangu, Rahabu. Nifanyeje?"

Karatasi hiyo niliitia motoni jana, chini ya sufuria ya maharage, nikasimama pale mpaka ikawa majivu. Danieli anaamini imo ndani ya bahasha hii. Najua wewe ukiaibika baba naye ataumia. Hilo nimelipima, na bado nimeichoma.

Watakapokuuliza habari za ukurasa wa tisa, uwaeleze mwenyewe.

Baba anakusalimu. Shangazi Jenoveva anakusalimu, na Yohane wake pia. Danieli anakusalimu kuliko wote, nami naandika tu alivyonituma. Mungu akupe umri mrefu, na kumbukumbu isiyofifia.

Ni mimi mdogo wako niliyekupenda,

Rahabu