Kujifunza Kutazama Picha za Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza chuo! Mimi! Fundi vioo, niliyefunga daftari la mwisho kidato cha nne nikadhani tumeachana kwa amani – leo nimekaa kwenye kiti chenye kimeza chake, kalamu mkononi. Kozi ya utangulizi ya kuithamini sanaa. Jumatatu na Alhamisi, jioni, nikitoka kazini.

Ni zawadi yangu kwa mke wangu. (Mke wangu! Tumeoana juzi tu, na kila nikiandika neno hili natabasamu peke yangu kama mwehu.) Yeye anachora. Mchana yuko kaunta ya duka la dawa, jioni anachora sebuleni karibu na dirisha, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo. Akimaliza ananigeukia: unaonaje? Nami nasema: nzuri sana, mpenzi. Kila mara. Wiki iliyopita akasema hata akichora ndoo ya maji machafu nitasema nzuri sana. Nikamjibu ndiyo, mradi umeichora wewe! Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akasema, "Nahitaji macho, mume wangu. Mapenzi ninayo tele."

Basi nimeyafuata macho chuoni.

Mwalimu ni mama mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Wanafunzi wanamwita Bi Tazama, maana ndilo neno lake. Alituwekea picha ukutani kwa projekta akataka tuseme. Mimi na kimbelembele changu – mkono wa kwanza! Ni nzuri sana, mwalimu. Akauliza nini ndicho kizuri. Nikasema vyote. Akaandika NZURI ubaoni, akaifuta kwa kiganja. Akasema neno hilo tuliache mlangoni. Kwanza tuseme tunachokiona, basi. Hukumu ni ya mwisho kabisa, na pengine isifike.

Jirani yangu, kinyozi mmoja mwenye mdomo, akaninong'oneza, "Pole, Bwana Nzuri." Jina limenata. Nimetoka nalo mpaka getini.

Alhamisi, 6 Machi

Kipindi kizima picha moja! Mwanamke anapiga pasi. Nikaandika: mwanamke anapiga pasi. Nikamaliza. Wenzangu wakaendelea kuandika kana kwamba wanaandika wosia. Karani wa benki anayekaa mbele yetu aliona kwamba mwanamke haitazami nguo, anatazama mlangoni. Kinyozi akaona nguo ni ya mtoto na nyumba haina dalili ya mtoto. Bi Tazama akaniuliza mwanga unatokea upande gani. Mimi, wa kushinda na madirisha! Nikasema kulia. Ulikuwa unatokea kushoto. Nilitamani sakafu inimeze na kimeza changu.

Lakini nyumbani nilimsimulia mke wangu yote, akarukaruka, akanikumbatia na brashi mkononi – shati langu la kazi sasa lina doa la bluu begani na silifui!

Halafu akanikalisha. Duka la dawa linafungua tawi, wanataka yeye awe msimamizi. Kuanzia asubuhi mpaka kufunga, na Jumamosi pia. Akikubali, kuchora kwisha. Akikataa, ataacha na kaunta yenyewe, achore tu. Yupo mama mmoja mwenye duka la picha aliyesema atamtundikia picha zake. Jibu wanalitaka Jumatatu ya tarehe 24.

Anachora picha kubwa sasa, ameifunika shuka. Akasema, "Nikiimaliza utaitazama. Ukiniambia naweza, naacha kaunta. Ukiniambia siwezi, rangi zote naweka kwenye boksi. Na sitalia."

Nikasema unaweza! Akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Si sasa. Kwa macho ya chuo."

Kiganja chake kinanukia dawa ya kikohozi na rangi. Nilikibusu. Sikulala vizuri.

Jumapili, 9 Machi

Dada yake mke wangu alikuja. Alikunywa chai yetu, akala mkate wetu, akaniparura.

"Shemeji, kazi yako ni kukata vioo au kumjaza mwenzio upepo?"

Nikasema mimi sijasema kitu. Akasema ndiyo hilo sasa! Mwanamume wa nyumba hana kauli! Mke wangu akanitetea: mwache, anasoma. Shemeji akacheka mpaka chai ikampalia. Anasoma nini? Kutazama? Yeye anatazama tangu azaliwe na hakuna chuo kilichompa cheti.

Wakati wa kuondoka akanivuta kando ya mlango. Sasa hakuwa na utani. Akasema mdogo wake akiacha kazi kwa ajili ya neno langu, na neno lenyewe likawa la kumfurahisha tu, yeye hatanisamehe. Akasema pia mdogo wake akiacha kuchora kwa ajili ya neno langu, hatanisamehe vilevile.

Nikauliza, sasa shemeji, nifanyeje? Akasema, "Si uko chuo?"

Jumatatu, 10 Machi

Leo tumepewa picha ya mistari na madoa tu. Hakuna mtu, hakuna mti. Niliitazama mpaka macho yakatoa machozi. Niliandika: madoa. Bi Tazama akaandika kando yake: hata madoa hukaa mahali.

Sielewi. Nilimbebea mke wangu ua nikirudi. Alilitazama muda mrefu kabla ya kuliweka kwenye glasi. Yeye anajua! Amezaliwa na jicho hilo! Mimi nasomea kitu ambacho mwenzangu anakifanya akiwa na usingizi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepata njia! Ee Mola, nimepata!

Jumatatu kila mmoja ataleta picha kutoka nyumbani. Utaratibu wa Bi Tazama ni huu: sahihi ya mchoraji inafunikwa kwa utepe, aliyeileta anakaa mbele ya darasa akitazamana na wenzake, na haruhusiwi kusema neno mpaka wote wamalize.

Nitapeleka ya mke wangu! Ile ya ukutani, dirisha la jikoni – ndiyo aliyoileta karakana niitie kioo na fremu, ndiyo iliyotukutanisha. Nilipima kioo chake mara tatu siku ile, na fundi mwenzangu akauliza kama nimesahau hesabu.

Watu wenye macho wataisifu. Nitabeba sifa zao nimpelekee kama zilivyo, zikiwa za moto. Si lazima nijue mimi! Darasa zima litakuwa macho yangu. Sijamwambia. Iwe mshangao.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika nikiwa karakana, mlango nimeufunga nusu. Sitaki kwenda nyumbani bado.

Nilikaa mbele. Picha nyuma yangu, juu ya kiti kirefu. Dirisha liko wazi, pazia jeupe, bakuli la machungwa, sinki, bomba, na kitambaa cha kufutia kimetundikwa kwenye bomba. Nilikuwa natabasamu kama bwana harusi.

Kinyozi akaanza. "Naona machungwa. Yote yamenyolewa na kinyozi mmoja."

Wakacheka. Mimi nimefungwa mdomo!

Karani akasema dirisha liko wazi lakini pazia halina habari. Hakuna upepo ulioingia, hakuna hata harufu ya nje. Mwingine akasema kila kitu kimekaa mkao wa kupigwa picha. Nilitaka kusimama, niseme ngojeni, hamjui alivyohangaika na pazia hilo! Bi Tazama akaniinulia kidole, bila hata kunitazama.

Kisha akasema yeye. Mkono upo, akasema. Aliyechora hii ana mkono mzuri – alilisema lile neno, yeye mwenyewe! – lakini anaomba ruhusa. Anaogopa tusimpende. Kila kitu amekipiga pasi kwa ajili yetu.

Halafu akavaa miwani, akainama karibu kabisa.

"Isipokuwa hapa. Tazameni kitambaa."

Wote wakainama. Nami nikageuka, nikavunja utaratibu.

Nikaona! Naapa niliona! Kitambaa kimelowa. Kizito upande mmoja. Kimeshikwa na mtu aliyeitwa ghafla chumba kingine, akakitupa pale bila kufikiri, na tone linakaribia kudondoka. Picha ile nimeitia kioo mwenyewe, nimeitundika mwenyewe, nakula chini yake kila siku, na sijawahi kukiona kile kitambaa.

Na palepale – hili ndilo linaloniua – nikayaona machungwa. Yamekufa. Sikutaka kuyaona. Nilifumba macho nikayafumbua, bado yamekufa.

"Hapa hakutuomba kitu," Bi Tazama akasema. Kisha akanigeukia. Sasa niseme. Nani kachora?

Na mimi nikasema: sijui. Mteja aliiacha karakana.

Nimemkana mke wangu mbele ya kinyozi!

Jumanne, 18 Machi

Niliacha picha karakana. Siwezi kukaa chini yake kwa sasa. Jana mke wangu aliona ukuta mtupu, akauliza. Nikasema kioo kilikuwa na vumbi kwa ndani, nimekipeleka kukisafisha.

Akanibusu kwenye paji la uso. "Fundi wangu. Hukosi kuona kitu."

Uongo wa kwanza wa ndoa yetu, na nimeshukuriwa.

Alhamisi, 20 Machi

Nilimsubiri Bi Tazama akikunja waya za projekta. Nikamuuliza: yule aliyechora dirisha, anaweza?

Anaweza nini?

Kuacha kazi. Kuchora tu.

Akasema hajui. Kitambaa kimoja si ahadi, na machungwa mabaya si kifungo. Huenda akichora bila woga atafika mbali. Huenda woga usimtoke maisha yake yote. Nikasema lakini mwalimu, lazima mtu amwambie! Akasema kozi hii inafundisha kutazama picha. Namna ya kumwambia mkeo haimo.

Nikashtuka. Amejuaje ni mke wangu?

"Kila mwaka yupo mmoja," akasema. "Mwaka jana alikuwa mama wa mvulana anayepiga gitaa. Alikosea kozi."

Nilicheka mpaka getini. Nje nikakaa kwenye ngazi. Kinyozi akanikuta pale, akakaa kando yangu bila utani, jambo ambalo sikulitegemea kwake. Akasema mteja akimwuliza kama amependeza huwa anamgeuzia kioo tu. Nikasema mimi ndiye niuzaye vioo, ndugu yangu, na havinisaidii.

Jumapili, 23 Machi, mchana

Niko bafuni. Nimejifungia. Koti langu la kazi lilikuwa limetundikwa humu na shajara imo mfukoni, basi naandika kwa ile kalamu ya kuwekea alama vioo. Niandike upesi.

Amefunua shuka.

Ni mimi! Mimi niko karakana, nimesimama nyuma ya meza, nimeshika kioo kikubwa kwa mikono miwili. Amenichora mimi! Siku zote hizi amekuwa akinichora mimi! Moyo ulinijaa. Na alikuwa amesimama kando ya picha, mikono nyuma kama mtoto anayesubiri majibu ya mtihani, ana doa la rangi shavuni, mzuri kupita –

Nikatazama. Kwanza kinachoonekana. Kovu la kidevuni halipo. Pua yangu, jamani, pua hii, imenyooka. Aproni nyeupe kama ya daktari. Natabasamu kama mtu wa tangazo la dawa ya meno. Nilijitafuta mle, na sikuwemo. Mtu yule hajawahi kukatwa na kioo.

Nikasema moyoni, basi ndiyo hivyo, jibu ni hilo, nitamwambiaje.

Halafu nikaona kioo chenyewe. Kile nilichokishika. Ndani yake, kwa mbali, hafifu – yeye. Mwanamke anachora, amekunja uso, ulimi pembeni, bega moja juu kuliko jingine, amechoka, hajui kama anatazamwa. Mistari michache tu! Na yuko hai kuliko sebule nzima! Nilifungua mdomo, nikanyoosha kidole –

Akanishika kidole. Akasema, "Usitazame hapo, hapo nitapafuta, nilikuwa nafanya majaribio tu. Tazama uso. Uso wako unauonaje?"

Nikasema ngoja kidogo, tumbo. Nikakimbilia huku.

Sasa yuko nje ya mlango. Ananiita. Anauliza kama naumwa. Nasema hapana. Anauliza kama naiogopa picha. Nasema hapana. Anasema, "Mume wangu, sema tu. Kesho saa tatu nawapigia simu."

Nikimwambia uso umekufa, atafunga boksi leo hii. Nikimwambia anaweza, ataacha kazi na atachora nyuso kama hizi mpaka azeeke. Na nikianza na yule wa kwenye kioo ataona nakwepa. Nianze wapi? Bi Tazama hakutufundisha kuanzia mahali kama hapa!

Amecheka kidogo, kwa huruma. Hakukasirika! Amesema haya, pumzika, hana haraka. Amesema atapafuta pale kwenye kioo, nikitoka nikute pako safi, nisibabaike na kitu cha pembeni.

Nimeinuka. Nimeshika kitasa. Nikisema usipaguse ataniuliza kwa nini, na jibu lake ni ule uso wangu uliokufa. Nimekaa tena ukingoni mwa beseni. Anaimba ule wimbo wake usio na maneno. Anakoroga rangi, namsikia, brashi inagonga mdomo wa kopo. Nitoke. Natoka sasa hivi.

Brashi imeacha kugonga. Na kuimba kumekoma. Akiwa kimya namna hii huwa ameshaanza kupaka.