Jiko la Rangi ya Korosho

Mjukuu wangu na mke mwenzangu Neema,

Huku Nachingwea hatujambo. Babu yako sasa anatembea bila fimbo, na shangazi yako wa Ruangwa kajifungua mtoto wa kike. Unasema wewe na mumeo hamsemezani kwa ajili ya rangi ya jikoni: yeye anataka ya maziwa, wewe hutaki hata kuisikia. Nikakumbuka jiko langu.

Miaka ya tisini, nilipohamishiwa hapa kufundisha kutoka Bukoba, nilimwita fundi wa Chinongwe, nikamwambia apake jiko rangi ya korosho. Nikaenda kazini. Niliporudi, mama yangu! Mkoba ulinidondoka mlangoni. Kuta zote zilikuwa za kijivu, kama zimemwagiwa majivu. Nilipiga yowe hadi majirani wakaja na fimbo, wakidhani nimeona nyoka.

"Mwalimu, si ulisema korosho?" fundi akauliza, kaduwaa kuliko mimi. Akaokota korosho uani, akaiweka ukutani. Rangi ileile!

Mimi korosho niliijua ile nyeupe ya kwenye pakiti, imeshabanguliwa. Yeye tangu utotoni anaiokota chini ya mkorosho, ikiwa na ganda lake la kijivu. Hakuna aliyekosea.

Sasa, mama, kabla hujanuna tena: wewe umekulia maziwa ya kopo, mumeo kwao wanakamua. Mwambie akuoneshe hayo maziwa yake.

Ni mimi bibi yako, ninayepika kwenye kijivu mpaka leo.