Wageni wa Chupa ya Achari

Cheyo, Tabora
12 Juni 2024

Mwanangu Janvi,

Shikamoo yako nimeiitikia kabla hujaitoa: marahaba, mwanangu. Natumaini joto la Dar halijakumaliza. Huku tu wazima, isipokuwa baba yako amekonda kidogo, na ndiyo sababu mimi mlezi wako nimeshika kalamu. Mambo haya hayaenei kwenye simu.

Unakumbuka nilivyomng'ang'ania yule mdudu wa mikono mitano myembamba, kwamba ndiye anayekula matumbawe kwenye tangi lako la maji ya chumvi hapa nyumbani? Uliponijibu kuwa yule ni mfagizi tu na nisimguse, niliona aibu, maana nilikuwa nimeshamtukana vya kutosha. Basi nikafanya ulivyoniagiza. Nikalitoa lile tumbawe la zambarau, aliloliweka marehemu mama yako kwa mkono wake, nikaligeuza. Mungu wangu! Chini lilikuwa jeupe kama mfupa, na hapo wametulia konokono wasio na gamba, kila mmoja kama punje ya mchele yenye manyoya mgongoni. Nikawalinganisha na picha uliyonitumia. Ndio hao hao.

Shida ikaanzia hapo. Baba yako unamjua, hata sisimizi wa jikoni huwapisha wapite kwanza. Alisema tumbawe la mkewe Bhumika lazima lipone, lakini pasife kiumbe nyumbani kwake. Akaosha chupa ya achari, akaijaza maji ya tangi, akaniagiza niwahamishie humo mmoja mmoja kwa brashi. Nilipomweleza kwamba chakula chao ni tumbawe lile lile, akamega kipande kama ukucha akawatilia. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hawa walikuja kummaliza mwenyeji!

Jioni nikamwambia tayari, wamo kumi na mmoja. Kwa ule ugonjwa wa mtoto wa jicho alio nao, nilijua hatawaona. Kila asubuhi akawabadilishia maji kabla hajagusa chai yake, na hata kuwaamkia. Baadaye akaanza kukataa chakula cha mchana. Nikadhani dengu zangu zimekosa ladha, nikapika kichuri cha mchele na choroko, nikapika mbaazi za nazi, akawa anasema tu hana njaa.

Sasa nikuambie ukweli, mwanangu. Sikuhamisha hata mmoja. Mayai yao hayatoki kwa brashi, na mama yako alinikabidhi nyumba hii pamoja na tumbawe lake. Nililitumbukiza kwenye ile dawa yako ya kuogeshea matumbawe mpaka wakadondoka wote, nikawamwaga chini ya mpapai. Chupa ilikuwa tupu tangu siku ya kwanza.

Jana Mzee aliniita akanionyesha chupa. Kile kipande cha kuliwa na wageni kimechanua, kimeota hadi ukingo mpya. Akasema kwa upole kwamba mgeni asiyegusa chakula wiki tatu hayupo, na kwamba alijua tangu wiki ya kwanza. Hakuniuliza kwa kuwa na yeye alitaka tumbawe lipone, akautuma mkono wangu mahali ambapo wake usingekwenda. Dhambi hiyo, alisema, hawezi kuniachia peke yangu. Kwa hiyo anafunga mchana mmoja kwa kila mgeni, na jana ilikuwa siku ya tisa.

Nililia mbele yake wala sikuona haya. Nikamwambia hata sisi Wakatoliki tunajua kufunga, hizo siku mbili zilizobaki ni zangu. Akakubali. Leo amekula wali wake wote na kuomba achari.

Lakini Janvi, hawakuwa kumi na mmoja. Nilihesabu arobaini na watatu nikaacha, na mayai sikuyahesabu kabisa. Nilitaja kumi na mmoja ili chupa isionekane ndogo. Nakuomba usimwambie, maana kwa umri wake atawafungia wote. Waliozidi nitawafungia mimi, kila Ijumaa, mpaka Krismasi ipite.

Baba yako anakusalimu sana. Tumbawe la mama limeanza kuufunika ule weupe. Ukipiga simu mchana ukaambiwa nimelala, jua ni njaa tu.

Mlezi wako akupendaye,
Marcelina