Nimetoka Peke Yangu

Marlys weee, niko nje ya duka la magari, natetemeka kwa hasira!

Mimi na mume wangu Lowell tulipatana tangu nyumbani. Tunataka ile sedani ya kifahari iliyotumika miaka mitatu. Muuzaji akikaza bei, mimi nikisimama na Lowell anasimama, tunatoka wote. Muuzaji atatukimbilia mwenyewe.

Basi akakaza. Nikasimama, nikatoka bila kugeuka nyuma.

Nimesimama kwenye theluji dakika kumi na tano. KUMI NA TANO, Marlys!

Kweli muuzaji akaja mbio. Nikakunja uso, nikijua bei imeshuka.

Akanipa mkono: "Hongera, mama! Mzee kaamua kuchukua mpya kabisa."

MPYA!

Nikachungulia dirishani. Lowell kakaa palepale, ananipungia kalamu, keshatia sahihi.