Usimguse Kwanza

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wapwa zangu, na kile kikohozi chako kimetulia. Mimi ni mzima wa mwili. Mumeo anaendelea vizuri; nalisema mapema nikijua ulivyo, usije ukaruka mistari kutafuta habari zake.

Najua wameshakusimulia, kila mmoja na chumvi yake. Ukweli ni huu. Juzi asubuhi mvua ilikuwa imelowesha sakafu ya karakana. Shemeji alishika randa ya umeme, akaganda nayo, meno yamekazana, sauti haitoki. Msimamizi wetu alikurupuka kumvuta. Nikamsukuma kwa bega hadi akaangukia mbao, nikapiga kelele mtu asimguse, maana angemgusa tungekuwa na wawili. Nikakimbilia swichi kuu. Wenzangu walidhani namkimbia shemeji yangu.

Nilipouzima umeme, alianguka kama gunia. Hapumui. Nikamwambia msimamizi aite gari la wagonjwa, nami nikapiga magoti, nikamkandamiza kifua bila kuacha hadi mikono ikafa ganzi. Dada, niliogopa kuliko siku tuliyomzika baba. Alipokohoa nililia mbele za watu. Daktari anasema moyo wataendelea kuuchunguza, na kiganja cha kulia kimeungua vibaya.

Sasa wananiita shujaa, nawe umenitumia dua. Mficha maradhi, kilio humfichua. Karakana ina swichi ndogo ya usalama, inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Mvua ikinyesha ilikuwa inajikata kila saa, kazi inalala. Mwezi uliopita niliiruka kwa kipande cha waya ili umeme usiipitie. Wote walinisifu, hata shemeji alinipigia makofi. Bila waya ule, umeme ungejikata kabla hajaganda. Ni mimi, dada.

Jana nilimwambia mwenye karakana, akafunga kazi hadi fundi wa umeme aje. Leo mchana nimemwambia shemeji. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akageukia ukutani. Wewe nakuandikia kwa sababu kwa simu nisingeweza kulimaliza. Nisamehe ukiweza, usipoweza, sitakulaumu.

Nisalimie wapwa zangu wote. Waambie baba yao anakula mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.

Mdogo wako,
Kitindamimba